Mstari wa Majivu

Kama kuna mtu Bariadi nzima aliyependa maigizo kuliko chakula, basi ni Milembe binti Bundala. Mchana alishinda steshenari iliyo karibu na stendi, akitoa fotokopi za vyeti vya watu na kuchapa barua za kuomba kazi. Jioni na siku za mapumziko alikuwa mtu mwingine kabisa. Alipanda pikipiki hadi Nyalikungu kuwatazama akina mama wa kwaya walioigiza kesi za mirathi. Alifika Lamadi, ambako wachuuzi wa dagaa walikuwa na mchezo wao wa kuchekesha juu ya mganga aliyeogopa maji. Kote alikofika alisimika simu yake juu ya kijiti cha miguu mitatu na kuurusha mchezo mubashara kwenye ukurasa wake, Jukwaa la Simiyu, na watoto wa Kisukuma waliotawanyika Geita, Arusha na Dar es Salaam wakakaa kumfuatilia.

"Dada, geuza simu kushoto," walimwandikia. "Dada, ongeza sauti, huku tupo kwenye foleni."

Mchezo ukiwa mzuri, aliusifu wiki nzima. Ukiwa mbaya, alisema tu kwamba wachezaji walivaa nguo safi.

Ilikuwa ile miaka ambayo kila kitu kilikuwa kimefunguliwa. Pamba ilikuwa na wanunuzi wanne badala ya mmoja, redio zilikuwa nyingi kuliko masikio, na simu zilikuwa zimeshuka bei hadi wachunga ng'ombe wanatembea nazo mbilimbili. Vikundi vya maigizo navyo viliota kila kata, na Milembe alivijua vyote kwa majina. Lakini viwili kati ya hivyo vilimkosesha usingizi.

Cha kwanza kilikuwa cha baba yake. Mzee Bundala wa Sapiwi alikuwa ameongoza kikundi chake miaka thelathini. Alikuwa mrefu, mwenye kofia ya pama na mwendo wa kuburuza mguu wa kulia, na akipanda jukwaani hata ng'ombe walionekana kusikiliza. Cha pili kilikuwa cha Dastan. Dastan alifundishwa na mzee huyo huyo tangu akiwa kijana wa miaka kumi na tisa, akalishwa nyumbani kwake, akaitwa mwana. Halafu siku moja akaondoka na wachezaji tisa kwenda kuanzisha kikundi chake mjini. Mzee hakumtukana. Aliacha tu kulitaja jina lake.

Na huyo Dastan ndiye ambaye Milembe alimpenda.

Alimpenda miaka miwili kwa siri ambayo haikuwa siri kwa mtu yeyote isipokuwa mzee mwenyewe. Hatimaye Joakim, baba mdogo wa Dastan, alifunga safari hadi Sapiwi kupima kina cha maji kabla ya kupeleka washenga. Mzee Bundala alimsikiliza mpaka mwisho, akacheka mbele ya majirani wote waliokuwapo.

"Mwambie anishinde uwanjani kwanza," alisema. "Siku atakayonishinda, alete ng'ombe. Sitauliza neno."

Alisema vile kwa sababu hakuwahi kushindwa. Lakini alikuwa amesema, tena mbele ya watu, na Dastan akapanga siku.

*

Mashindano ya maigizo kule kwetu hayana majaji wa kukaa mezani na kalamu. Yanafuata desturi ya mashindano ya ngoma. Vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja, kimoja upande huu wa uwanja na kingine upande ule, na katikati unachorwa mstari wa majivu. Mtazamaji anakwenda anakotaka. Akichoshwa huku, anavuka kule. Filimbi ikipulizwa, upande wenye watu wengi umeshinda, na hakuna wa kubisha kwa sababu miguu ya watu imekwisha kusema. Kuna sharti moja tu kwa wenye vikundi: kiongozi akivuka mstari kabla ya filimbi, amekubali kushindwa.

Jumamosi hiyo uwanja wa mnada ulijaa tangu saa nane. Milembe alisimika kijiti chake juu ya mstari wenyewe, mguu mmoja wa kijiti huku, miwili kule. Alikuwa bado anafuta kioo cha simu kwa upindo wa khanga aliposikia sauti aliyoijua ikimsalimu kwa Kisukuma nyuma yake.

"Mwadila, mayu."

Aligeuka. Dastan alikuwa amevaa shati jeupe la mikono mirefu, na macho yake yalikuwa mekundu ya kukosa usingizi. Milembe alitamani kumshika kola aiweke sawa, lakini uwanja mzima ulikuwa na macho.

"Mwadila. Umekula?"

"Siwezi kula. Simu yako itatazama upande gani?"

"Nimeiweka katikati. Baba ni baba, na wewe ni wewe."

"Na moyo wako?"

"Usinichokoze, Dastan. Moyo wangu unaujua ulipo." Aliinamisha uso ili asionekane akitabasamu. "Mchezo wenu unahusu nini? Kila mara unanisimulia hadi nachoka, safari hii umekuwa bubu. Tangu lini unanificha kitu?"

Dastan aliangalia chini, akayasogeza majivu kidogo kwa ncha ya kiatu.

"Ni leo tu," alisema. "Baada ya leo sitakuficha kitu tena. Jioni hii utakuwa mchumba wangu mbele ya watu wote. Niamini."

"Nakuamini."

Alimwamini kweli. Alikuwa amemwamini hata kwa jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu mwingine, siku mvua ilipowakuta Sapiwi wakajibanza kwenye banda la kupimia pamba, wamekalia magunia matupu. Siku hiyo alilia, na Dastan alimshika mkono mpaka mvua ilipokwisha.

*

Filimbi ya kuanzia ilipulizwa saa kumi kamili.

Mwanzoni mzee Bundala aliubeba uwanja. Aliigiza bahili aliyeficha nyama ndani ya kofia wageni walipobisha hodi, na alipovua kofia kuwasalimu, mchuzi ukamtiririka usoni. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Zaidi ya watu mia tatu walikuwa upande wake. Kwa Dastan walikuwa kama hamsini, wengi wao wapangaji wenzake na marafiki zake wa bodaboda.

Milembe alielekeza simu kwa baba yake, na maoni yakamiminika. "Mzee ni yule yule!" "Huyo bahili ni mjomba wangu kabisa!" Alifurahi, na papo hapo akaumia, kwa sababu kila kicheko upande ule kilikuwa kinamsukuma Dastan mbali naye.

Kisha akaona mwanamke mmoja mzee akivuka mstari taratibu, kama aliyeitwa. Baada yake wakavuka wengine wanne. Halafu kumi. Hawakuwa wanakimbia, na hawakuwa wanacheka. Upande wa Dastan ulikuwa umenyamaza kwa namna isiyo ya kawaida kwenye uwanja wa mnada, na kimya hicho ndicho kilichokuwa kinawavuta.

"Dada, kuna nini kule?" mtu aliandika kutoka Geita. "Geuza simu."

Aliigeuza.

Jukwaani kulikuwa na mkeka tu. Juu ya mkeka alilala Jenipha, mwigizaji mkubwa wa kikundi cha Dastan, amefunikwa khanga, tumbo lake likiwa limeinuliwa kwa nguo kuonyesha ujauzito. Kando yake aliketi msichana mdogo wa kikundi akimpepea kwa kipande cha boksi. Mbali kidogo, Dastan alikuwa amegeuza mgongo, amevaa kofia ya pama, anacheza. Alikuwa anaburuza mguu wa kulia.

Milembe aliutambua mwendo ule.

Mwanamume mmoja akaingia na baiskeli, akaiangusha, akamfuata yule mwenye kofia.

"Mkeo hali yake mbaya. Anakuita."

"Namalizia," alijibu Dastan bila kugeuka. "Wamebaki kidogo tu wale. Mwambie namalizia."

Yule wa baiskeli akarudi mkekani. "Amesema anamalizia."

Na Jenipha akainua kichwa kidogo, akajaribu kutabasamu, akasema polepole:

"Basi mwacheni amalize. Nitamsubiri."

Hakuna mtu duniani aliyepaswa kuyajua maneno hayo. Miaka kumi na sita nyuma, mama yake Milembe, Justina, aliyasema akiwa kitandani Sapiwi, wakati mumewe akiwa uwanja wa kijiji jirani anashindana. Waliyasikia watu wawili tu. Mmoja alikuwa Anatoli, jirani aliyetumwa na baiskeli, ambaye sasa ni marehemu. Wa pili alikuwa mtoto wa miaka kumi na moja aliyelala kando ya mama yake akijifanya amesinzia, yaani Milembe mwenyewe. Kijiji kizima kiliamini kwamba mzee Bundala alipata habari kwa kuchelewa, akarudi na fahali wa ushindi na kukuta mkewe amekwisha kata roho na mtoto wake tumboni. Hata Milembe aliiacha habari ikae hivyo. Hakumwambia baba yake kwamba alisikia. Alimwambia Dastan, kwenye banda la pamba, na alimwambia kwa sababu mzigo ulikuwa umemchosha kuubeba peke yake.

Alitaka kuizima simu. Mkono ulikataa. Kwenye kioo namba ya watazamaji ilikuwa inapanda, elfu moja na mia nane, elfu mbili na mia moja, na watu walikuwa wanaandika kwamba wanalia ndani ya mabasi, wanalia jikoni. "Huyu mama ni nani?" mmoja aliuliza. "Namlilia kama nilimjua."

Wanawake walikuwa wanapita pande zote mbili za kijiti chake, wanavuka. Wazee wa Sapiwi walivuka pia, na walipoiona ile kofia na ule mguu, walitazamana wakatikisa vichwa.

Upande wa pili, mzee Bundala alikuwa amebaki na watu wasiofika kumi. Alikuwa katikati ya maneno, kofia mkononi, mchuzi bado unamng'aa kwenye paji la uso. Aliacha kusema. Alisikiliza kile kimya. Halafu alishuka jukwaani na kuanza kutembea.

"Mzee, filimbi bado!" mmoja wa wachezaji wake alimwita. "Ukivuka tumekwisha!"

Mzee Bundala alipita karibu kabisa na Milembe, hakumtazama, na mguu wake wa kulia ukafuta sehemu ya mstari. Watu wakamfungulia njia. Alisimama mbele, akajitazama akicheza na mkewe akisubiri, mpaka Jenipha alipofunikwa khanga uso mzima na Dastan akaingia akivuta kamba ya fahali asiyeonekana, anaimba kwa furaha, anabisha hodi nyumbani kwake.

Hapo ndipo mchezo ulipoishia. Hakuna aliyepiga makofi.

Dastan alipogeuka na kumwona mwalimu wake amesimama hatua tatu mbele yake, kofia ilimwanguka.

"Umenishinda," alisema mzee Bundala. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama ya mtu anayeuliza bei ya mbuzi. "Umecheza vizuri. Nilikufundisha vizuri."

"Baba..."

"Ila umekosea mahali pamoja. Umeonyesha niliambiwa mara moja. Niliambiwa mara mbili. Anatoli alirudi tena." Aliivaa kofia yake, akaiweka sawa kwa mikono miwili. "Neno langu ni lile lile. Lete ng'ombe."

*

Milembe na Dastan walionana nyuma ya zizi la mnada, watu walipokuwa wanatawanyika na jua bado liko juu ya miti. Dastan alikuja mbio. Uso wake ulikuwa na furaha na hofu vilivyochanganyika, na Milembe alishangaa kuona jinsi bado alivyompenda.

"Umesikia alivyosema? Milembe, amekubali! Amekubali mbele ya watu wote!"

"Nimesikia."

"Mbona unanitazama hivyo?"

"Ulikuwa umenishika mkono," alisema Milembe. "Siku ile ya mvua. Ulinishika mkono muda wote ule. Ulikuwa unanishika, Dastan, au ulikuwa unaandika?"

Dastan aliitazama mikono yake.

"Nijibu."

"Nilikuwa nakushika. Mungu anajua. Sikuwaza mchezo siku ile wala mwezi ule. Lakini baba yako aliposema nimshinde, nilikuwa na hadithi tatu, zote nyepesi. Umemwona mwenyewe. Angenifagia na kofia yake tu. Nilikaa wiki mbili sina kitu, na kila nikifumba macho namwona mama yako kwenye mkeka. Nilifanya kwa ajili yetu. Sikutaja jina la mtu."

"Ulivaa kofia yake. Ulitembea mwendo wake."

"Mchezaji lazima..."

"Usinifundishe maigizo. Mimi ndiye ninayezunguka mkoa huu mzima kuyatazama." Alijifunga khanga yake upya. "Kwa nini hukuniuliza?"

"Ungekataa."

"Ndiyo. Ningekataa."

"Basi ndiyo maana sikuuliza," alisema Dastan, na aliposikia kilichotoka kinywani mwake alijaribu kumshika bega. Milembe alirudi nyuma hatua moja.

"Watu elfu tatu wameyasikia maneno ya mama yangu," alisema. "Na nimewarushia mwenyewe, kwa simu yangu. Unajua nilichokuwa nawaza nikiwa nimeshika kile kijiti? Niliwaza kwamba mchezo ni mzuri. Nilikuwa nalia na nikawaza, sijawahi kuona mchezo mzuri namna hii hapa Bariadi. Ndicho kinachoniumiza. Ungekuwa mbaya, ningekusamehe hapa hapa."

"Nisamehe basi, mama. Tutakuwa na maisha yote ya kuyazungumza. Baba yako mwenyewe hajakasirika. Nimpeleke Baba mdogo Joakim Jumamosi ijayo? Sema neno tu."

Milembe aliyatazama macho yake mekundu, kola iliyopinda, na vumbi la mkeka magotini.

"Baba amesema waje," alijibu. "Waje."

Dastan akashusha pumzi, akacheka kwa machozi. Alidhani amesamehewa.

Nyumbani, mzee Bundala alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya jiko, ananawa ule mchuzi usoni. Milembe alipiga goti kumsalimia. Baba yake alijifuta kwa kitambaa polepole, jicho moja kisha la pili.

"Kumbe ulikuwa macho siku ile," alisema.

"Nilikuwa macho, baba."

"Miaka kumi na sita unanipakulia chakula, na unajua."

"Nisamehe, baba. Sikupaswa kumwambia mtu wa nje."

"Ulipaswa kuniambia mimi. Na mimi nilipaswa kukuambia wewe." Alikunja kitambaa mara mbili, akakiweka gotini. "Kijana anakupenda. Mwanamume asiyependa hawezi kuja kunishinda namna ile. Usimkatae kwa ajili yangu, ng'wanone, mwanangu. Mimi nilistahili yale."

Milembe alimwekea baba yake maji mengine.

*

Jumamosi walikuja kwa pikipiki tatu. Joakim alitangulia na suti yake ya kijivu, wazee wawili wakafuata, na Dastan akaingia mwisho, akaketi karibu na mlango kama inavyompasa mwoaji, mikono juu ya magoti, mdomo umefungwa. Shangazi Wilhelmina, dada wa mzee Bundala, alikuwa ameamka alfajiri kupika wali na kuku. Soda ziligawiwa. Joakim alisimama, akashukuru, akasema kwa maneno ya kuzunguka kwamba wameona jiko zuri katika nyumba hii, wangependa kulijua.

"Wabeja," alishukuru mzee Bundala. "Mimi neno langu nililisema uwanjani, silirudii. Limebaki la mwenyewe. Wilhelmina, mlete mtoto."

Milembe aliletwa amejifunika khanga mpya hadi kichwani. Aliketi mkekani mbele ya baba yake. Kila aliyekuwamo aliyajua yanayofuata, kwa sababu yamefanyika hivyo katika kila nyumba. Baba anauliza swali moja, binti anajibu ndiyo kwa sauti ndogo, na shangazi anapiga vigelegele. Wilhelmina alikuwa amekwisha kuvuta pumzi, mkono uko karibu na mdomo.

"Milembe," alisema mzee Bundala, "wageni hawa wanasema wamekuja hapa kwa ajili yako. Je, unawafahamu?"

Milembe aliinua uso. Alimtazama Joakim, akawatazama wazee wawili, kisha akamtazama Dastan, akakaa naye kwa macho. Dastan alimtabasamia. Alikuwa amenyoa, na kola yake leo ilikuwa imenyooshwa vizuri.

"Siwafahamu, baba."

Chupa ya soda iligonga meza. Joakim alimgeukia Dastan, Dastan hakumgeukia.

Mzee Bundala aliinama mbele. Sauti yake ikawa ya kubembeleza, sauti ambayo Milembe hakuwa ameisikia tangu alipokuwa mdogo.

"Watazame vizuri, mwanangu. Usiharakishe. Hakuna hata mmoja unayemfahamu?"

"Nimewatazama, baba. Siwafahamu."

"Milembe," alisema Dastan kutoka mlangoni. Mwoaji hasemi siku ya posa, na wazee wote wawili walimkazia macho, lakini alisimama kabisa. "Milembe, ni mimi."

Alisimama pale, mikono imening'inia, mtu aliyeliza mkoa mzima wiki moja iliyopita, na sasa hana neno jingine. Joakim alichukua kofia yake, akashukuru kwa chakula ambacho hakikuliwa, wakatoka mmoja mmoja. Mzee Bundala ndiye aliyewasindikiza. Alimshika Dastan mkono kama alivyomshika enzi za kumfundisha, wakaenda hivyo taratibu hadi barabarani, mguu wa mzee ukiburuza vumbi.

Pikipiki zilipowashwa, Milembe alianza kulia. Alilia mkekani alipokuwa ameketi, khanga imemwanguka mabegani, na hakujali kujifunika. Wilhelmina alipiga magoti kando yake, akamkumbatia.

"Nyamaza, mayu, mama yangu. Nyamaza. Kwani humpendi tena?"

"Nampenda, shangazi."

"Unampenda! Sasa umemkana mbele ya watu kwa nini? Baba yako amekubali, kila kitu kimekubali. Kumebaki nini?"

Milembe alijifuta uso kwa kiganja. Nje mlio wa pikipiki ulikuwa unapungua kuelekea mjini, akausikiliza mpaka akawa hausikii tena.

"Sitaweza kumwambia kitu, shangazi," alisema. "Nitalala naye miaka yote, nami sitaweza kumwambia kitu."